Video Iliyomfunga Mtani wa Babu

"Mfunge, afande! Amekiri kwa mdomo wake mwenyewe, video ninayo hapa!"

Aliyepiga kelele hizo ni baba yangu mdogo, Bonifas. Alizipigia uani kwetu, matanga ya baba yake mzazi hayajaanuliwa, wafiwa tumekaa kwenye mkeka.

Pingu zikalia... kra!

Aliyefungwa ni Mzee Lekishon, mfugaji wa Kimasai, rika la babu yangu. Alikuwa amemletea bibi maziwa ya kuganda. Kibuyu kikamponyoka, maziwa yakasambaa kwenye mkeka, na hakuna aliyeinuka kuyafuta.

Mzee hakubisha.

Aligeuza shingo akanitazama mimi tu.

Kwa sababu ile video, wapendwa wasomaji... ile video niliirekodi mimi!

Tafadhalini msinitukane kwanza. Fikeni mwisho, halafu mtukane kwa pamoja na kwa utaratibu.

Naitwa Irine. Nasoma kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana, ambayo kwa heshima yake sitaitaja. Shuleni nina historia. Niliwahi kugonga kengele ya chakula katikati ya kipindi cha hesabu, shule nzima ikakimbilia bwaloni na sahani. Nilitumikia adhabu yangu kwa unyenyekevu, nikifyeka nyasi na kutafakari.

Kijijini kwetu, katikati ya Kilosa na Mikumi, historia yangu ni nzito zaidi.

Likizo iliyopita nilitengeneza picha kwa simu. Simba dume amekaa kwenye benchi la kituo chetu cha polisi, ametulia, kama raia anayesubiri kuandikisha maelezo. Nikaituma kwenye magrupu.

Maduka yakafungwa. Mama lishe wakakimbia, vitumbua vikaungulia jikoni. Askari wa wanyamapori wakaja na bunduki kumsaka mnyama ambaye hajazaliwa.

Afande Yeremia, mkuu wa kituo, aliniita ofisini kwake.

"Irine."

"Naam, afande."

"Siku ukija hapa na habari ya simba wa kweli, mimi nitamaliza kwanza chai yangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

Nikacheka njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa nisikilizeni habari za babu.

Babu Vitalis alikuwa Mngoni. Baba yake alikuja huku kukata mkonge, mkonge ukafa, yeye akabaki akalima. Babu akarithi shamba. Na shamba hilo, kwa bahati yetu au kwa balaa letu, liko kati ya mazizi ya Wamasai na mto.

Wakulima wenzake waliziba kwa miiba. Babu aliacha mapito. Ukanda mzima halimi, ili ng'ombe wa Mzee Lekishon wapite kwenda kunywa maji.

Baba mdogo Bonifas alikuwa akiutazama ule ukanda kama mwanafunzi wa bweni anavyotazama sahani ya mwalimu wa zamu. Alitaka kupanda vitunguu.

"Baba, ardhi hii inalala bure!"

"Hailali," babu alimjibu. "Inapitwa."

Babu na Mzee Lekishon walikuwa watani. Najua mtashangaa. Wangoni wana watani wao, wanajulikana, na Wamasai hawamo. Hawa wawili walijitengenezea wenyewe. Mwaka mmoja wa mafuriko walikwama juu ya tuta la reli, maji kila upande, babu ana unga, mwenzake ana ndama, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Wakaanza kutukanana kwa hofu. Maji yalipopungua, walikuwa wanatukanana kwa mapenzi.

Wakaendelea hivyo mpaka wakazeeka.

"We mnywa maziwa, hata ndevu huna!"

"We mtoto wa mkata mkonge, mikono kama msasa!"

Na bibi yangu, Bibi Hildegarda, anawaletea chai huku akiwatukana wote wawili.

Babu alifia shambani, kwenye yale yale mapito, jembe pembeni yake. Tabibu wa zahanati akasema presha. Tukazika.

Mzee Lekishon alikuwa mbali na mifugo, upande wa Mikumi. Habari zilimfikia tumeshazika. Alipoingia uani tulikuwa wachache: bibi kwenye mkeka, baba mdogo, na mimi. Wengine walikuwa wameenda mtoni kufua.

Sasa, mtani akiingia msibani haingii kama wewe na mimi. Haanzi na pole. Kazi yake ni kuuchafua msiba mpaka mfiwa akumbuke kwamba bado yuko hai.

Mzee Lekishon akapiga fimbo yake chini, akanguruma:

"Nimemuua mimi! Nimemuua huyu mla ugali! Nilimkalia kooni pale kwenye mapito, mpaka akanyamaza! Sasa nimekuja kuchukua shamba lake na mjane wake!"

Mimi nilikuwa nimeshika simu ya mama. Nikarekodi.

Bibi, ambaye tangu mazishi hakuwa ametoa neno wala kutia tonge kinywani, akainua uso taratibu.

"Umechelewa kuja kujisifu, mbwa wewe! Na mimi utanitafuna kwa meno gani? Hayo mawili?"

Akacheka! Bibi yangu akacheka!

Halafu kicheko kikageuka kilio. Mzee Lekishon akajiachia chini, kwenye vumbi, akalia naye. Kilio cha mzee hakina madoido, wasomaji wangu. Kinatoka kama kikohozi.

Baba mdogo alikuwepo. Aliona yote, mwanzo mpaka mwisho.

Nikaingia chumbani nikaiweka status. Juu yake nikaandika, kwa uzito unaostahili: "MUUAJI AKIRI HADHARANI. SERIKALI IKO WAPI?"

Kwangu mimi huo ulikuwa utani juu ya utani.

Video ilikuwa ndefu, status ikaikata vipande viwili. Kipande cha kwanza, cha kujisifu, kikapanda vizuri. Kipande cha pili, cha bibi kumjibu na wazee wawili kulia...

Bando likaisha.

Nikasema, ah, kesho nitaunga jingine. Nikalala usingizi wa mtoto mchanga.

Kulipokucha, kipande kile kilikuwa kimefika Masanze. Kimefika Munisagara. Binamu yangu anayeuza vitunguu stendi ya Dumila akapiga simu analia: "Irine, kumbe babu aliuawa na mmetuficha?"

Watu walishakiongezea maneno: "Mfugaji aua mkulima, aja kujitapa msibani."

Ndiyo asubuhi ile Mzee Lekishon alikuja tena, na kibuyu cha maziwa, hajui lolote. Afande Yeremia akamkuta uani. Kundi la vijana wenye mapanga lilikuwa nyuma ya afande, linahema.

Nikaruka kutoka kwenye mkeka.

"Afande, ule ulikuwa utani! Mzee ni mtani wa babu!"

Vijana wakazomea. Afande Yeremia akamgeukia baba mdogo.

"Bonifas, wewe ndiye mtoto wa marehemu. Huyu mzee ni mtani wenu?"

Nikasema moyoni, baba mdogo ni mpenda vitunguu lakini si mnyama.

"Mngoni na Mmasai?" akasema. "Tangu lini? Mimi utani huo siujui."

"Baba mdogo!"

"Nyamaza wewe! Video si umerekodi mwenyewe?"

Hakuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa upande wa shamba, kwenye mapito.

Wakaondoka na mzee.

Nilimfuata bibi kwenye mkeka. Alikuwa anayatazama maziwa yakizama kwenye ukindu. Hakunipiga. Ningeomba anipige.

Nikakimbilia kituoni.

Kituo chetu si cha kutisha. Ni nyumba ya bati jekundu, baraza, benchi (lile la simba) na chumba kimoja cha mahabusu. Askari wenyewe wanahesabika. Gari lao lilikuwa gereji Kilosa.

Siku ile nje kulijaa. Wakulima walikuwa wameziba barabara, mapanga mkononi, wengine sijawahi kuwaona. Na upande wa pili, juu ya tuta la reli, vijana wa Kimasai walikuwa wamesimama mstari mmoja, shuka zinapepea. Kimya. Hakuna aliyekuwa anazungumza hata na mwenzake. Watoto wa Mzee Lekishon walikuwa mbele.

Wazee wa kijiji waliowajua babu na mwenzake wapo. Siku ile walijifungia ndani. Ukimtetea mfugaji siku kama ile, kesho unaitwa msaliti, keshokutwa shamba lako linafyekwa.

Nikapenya mpaka kaunta.

"Shikamoo afande."

"Marahaba." Afande Yeremia alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Naapa. Chai. "Umeleta simba mwingine?"

"Afande, kuna kipande cha pili. Naomba ukitazame."

Akakitazama chote. Sura yake haikubadilika. Kisha akanishika mkono, akanitoa barazani, akaiinua simu juu.

"Sogeeni mtazame! Hii ndiyo video nzima!"

Wa mbele wakatazama. Nikaanza kupumua.

Kijana mmoja mwenye kofia ya bluu akaguna.

"Hiyo si AI hiyo?"

"Huyu si ndiye yule dada wa simba?"

"Ndiye! Ndiye mwenyewe!"

"Wamasai wamempa ng'ombe wangapi awatengenezee?"

Wakacheka. Kicheko kisicho na furaha ndani yake, mapanga yanagongana. Mimi, mchekeshaji wa shule nzima, nilitamani sana pale mtu mmoja asicheke.

Afande akanirudisha ndani.

"Umeona?" akasema polepole. "Nikisema mimi kwamba hana kosa, nimehongwa. Tabibu naye, wameshasema amehongwa mbuzi. Wewe ni simba. Baba yako mdogo anasema utani haupo. Nikimtoa mzee hapa, wanamkata. Nikimpeleka Kilosa kwa miguu, wanae wale juu ya reli watadhani anakwenda kuuawa, watashuka. Na wakishuka..."

"Sasa nifanye nini, afande?"

"Mimi maneno sihitaji. Nitafutie kitu ambacho hao wa nje watakiamini."

Akaniruhusu nimwone mzee kwanza.

Mzee Lekishon alikuwa amekaa sakafuni, nyuma ya nondo. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya shuka, umekumbatia kitu kidogo. Nikadhani kopo la ugoro. Kufuli la mlango lilikuwa linaning'inia upande wa ndani. Nikadhani ndivyo mahabusu zilivyo, mimi sijawahi kulala humo.

Kwao mtoto hasalimii kwa mdomo. Anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa. Nikainamisha kichwa changu kwenye nondo. Nilikaa hivyo, nikijiambia hatanigusa.

Akanigusa.

"Kitukuu wa mkata mkonge," akasema. "Bibi yako amekula?"

Ndugu zangu, nililia mpaka makamasi.

"Babu, nisamehe. Sikujua."

"Hamkunipaka unga," akasema, kama mtu anayejisemea. "Nilitukana vizuri, halafu tukalia tu. Hakuna aliyenipaka unga. Ndiyo maana limeharibika."

Unga!

Hapo nikasimama.

Kwetu, mtani akishamaliza kuuchafua msiba, mfiwa humpaka usoni unga wa matanga. Ule unga unaopikiwa wafiwa. Ndiyo risiti yake, kwamba matusi yamepokelewa. Na kuna jambo moja ambalo wakulima wa pande zetu wanaliogopa kuliko mahakama: unga huo haumgusi mtu mwenye damu ya marehemu mikononi. Mjane akimpaka muuaji wa mumewe, anakaribisha kifo kije kiibebe nyumba nzima. Hakuna mjane anayeweza kulifanyia mchezo hilo. Hata mwenye kofia ya bluu analijua.

Lakini wa kupaka ni mfiwa mwenyewe. Na mjane havuki lango la ua mpaka matanga yaanuliwe.

Nikakimbia kurudi nyumbani. Njiani nikaona moshi. Ulikuwa unatokea upande wa mazizi. Mweusi, mnene.

"Wamechoma zizi la ndama!" mtu mmoja alikuwa anapiga kelele, na sikuweza kujua kama anafurahi au anaogopa.

Nikamkuta bibi pale pale.

"Bibi, mimi ndiye niliyemfungisha. Status yangu. Nilitaka watu wacheke. Bibi, wanataka kumkata. Wamechoma ndama. Najua huruhusiwi kutoka, lakini..."

Bibi alivuta kanga yake nyeusi kichwani. Akashika ukuta. Akasimama. Magoti yalilia kama mlango.

"Lete unga," akasema. "Na fimbo ya babu yako."

Langoni baba mdogo akamzuia.

"Mama, mila! Unatoka wapi na wewe ni mjane? Watu watasema nini?"

Bibi alimtazama tu mpaka akasogea.

Mmewahi kuona mjane akitembea barabarani kabla ya matanga kuanuliwa? Mimi sikuwahi. Watu waliacha walichokuwa wanafanya. Mapanga yakashuka. Kundi lote pale kituoni likafunguka lenyewe, kama maji, bibi akapita katikati, mimi nyuma yake na bakuli la unga, baba mdogo nyuma yangu akinong'ona "Mama, mama."

"Yeremia!" bibi akaita. Si afande. Yeremia. "Mtoe nje huyo mwanaume!"

"Bibi, nje si salama."

"Mtoe!"

Mzee Lekishon akatolewa barazani. Juu ya reli mstari mzima ukasogea hatua moja mbele. Nilisikia fimbo zao.

Bibi akamnyooshea fimbo ya babu.

"Wewe ndiye uliyemuua mume wangu!"

Kundi likanguruma. Bibi... bibi naye? Baba mdogo alifumba macho kama mtu aliyenusurika. Mwenye kofia ya bluu akapanda ngazi ya kwanza ya baraza.

"Kaa chini, mtoto, sijamaliza!" bibi akamfokea. Akakaa! Naapa alikaa!

"Umemuua kwa matusi yako ya kila siku! Umemuua kwa maziwa yako machachu! Halafu mimi nani aniue? Umeniacha na nani wa kumtukana, mbwa wewe? Ulisema utanichukua. Mbona nangoja?"

Mzee Lekishon alikuwa anaitazama fimbo ya babu. Nikaomba, babu jibu. Babu tafadhali, jibu.

"Nilikuwa nakuja," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Kisha ikapanda. "Nilikuwa nakuja, bibi mfupi! Polisi wamenizuia! Waulize! Wameona ninavyokupenda wakaingiwa na wivu!"

Mama mmoja nyuma akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Wivu wa nini? Na meno mawili?"

"Mawili yanatosha! Wewe ni mlaini!"

Kicheko kikapasuka, mama wa pili, wa tatu, mpaka wanaume. Na hiki kilikuwa kicheko chenyewe. Bibi akatumbukiza mkono wote kwenye bakuli langu.

Kicheko kikakatika ghafla. Kila mtu alijua ule ni unga gani.

"Hildegarda, angalia unachofanya," bibi mmoja akasema kwa sauti ya chini.

"Ninajua ninachofanya."

Akampaka. Paji la uso, mashavu, kidevu. Polepole, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Mzee Lekishon akafumba macho, machozi yakachora mistari kwenye unga. Hakuyafuta.

Bibi akageuka.

"Bonifas."

"Mama..."

"Kifua kiliponikauka, wewe huna hata mwezi, nani alikuwa anakuletea maziwa kila asubuhi akivuka reli?"

Baba mdogo akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza mbele ya watu. Nani?"

"...Yeye."

"Na utani huo huujui?"

Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali wamzomee.

Mwenye kofia ya bluu alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliweka panga kwapani, kama mtu aliyekuwa anapita tu kwenda shambani. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, hawatazamani. Juu ya reli, wana wa mzee walikuwa bado wamesimama, lakini mmoja alikuwa ameketi kwenye chuma cha reli, uso kwenye magoti.

Nilibaki barazani na bakuli tupu. Nikamgeukia Afande Yeremia, nikiwa na hasira za kitoto.

"Afande, na wewe! Ulimfunga pingu mzee wa watu bila hata kuuliza!"

Akanywa chai yake. Ilikuwa imeshapoa siku nyingi.

"Mzee," akamwambia Lekishon, "naomba funguo zangu."

Mzee Lekishon akaingiza mkono ndani ya shuka. Kile nilichodhani kopo la ugoro... kilikuwa funguo! Funguo za mahabusu na za pingu, zimefungwa kwa uzi mmoja!

Kufuli lilifungwa kwa ndani. Na mfungwa alijifunga mwenyewe!

"Babu yako alikuwa anakuja hapa kila mara kumshtaki," afande akaniambia. "'Andika, afande, huyu Mmasai kaniangalia vibaya.' Na huyu hapo hapo: 'Andika na sura yake ilivyo, hakimu atanielewa.' Wakimaliza wanakunywa chai yangu. Mimi nisijue utani wao? Lakini wewe uliona waliokuwa nyuma yangu pale uani. Ningemwacha kwenye ule mkeka, angefika mchana?"

Kwa mara ya kwanza maishani, rekodi iandikwe, Irine alimwomba polisi radhi.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Lakini zizi liliungua. Ndama hawakutoka wote. Aliyelichoma hajulikani mpaka leo, maana kila mtu anamjua. Baba mdogo alihamia Dumila, na mapito bado yapo, hayajalimwa, nyasi zimefika magotini. Ng'ombe wa Mzee Lekishon wanazunguka mbali, kwenye mchanga, kwenda kunywa maji.

Siku ya arobaini ya babu niliomba ruhusa shuleni nikarudi. Mzee Lekishon alikuja. Uani kote tukamsubiri apige fimbo chini. Bibi alikuwa ameshaandaa tusi, nililiona linacheka kwenye kona ya mdomo wake.

Mzee alisimama langoni. Akapitisha macho kwenye mikono yetu, mmoja baada ya mwingine. Nilielewa anatafuta nini. Nikainua mikono yangu yote miwili. Sina simu, babu. Tazama. Sina.

Akavua kofia.

"Poleni sana na msiba," akasema, kwa adabu zote. "Mungu awatie nguvu."

Kama mgeni. Kama mtu aliyeshuka kwenye basi.

Akaketi pembeni, akanywa uji, akashukuru, akaondoka. Bibi aligeukia ukutani na hakula siku ile.

Funzo langu mlichukue bure. Utani una wenyewe, wanaojua ulianzia wapi na unaishia wapi. Ukiutoa uani kwao nusu, huko uendako unafika ukiwa kitu kingine, na huwezi kuurudisha kwa kuunga bando. Ile simu niliirudisha kwa mama. Picha ya simba nimeifuta.

Kila likizo nikirudi, napita kwenye mapito mpaka kwenye mazizi, nainamisha kichwa. Ananigusa. Ananiuliza masomo yanaendeleaje, kwa upole kabisa.

Bado namsubiri anitukane.